Fedha Zetu Zinafanya Kazi Gani?

Somo kwa vijana wanaotafuta kazi, na kwa wazazi wao



Tunapozungumza habari za wito katika Kanisa, kwa kawaida twataja kazi tatu au nne tu: ukasisi, ualimu, uuguzi, na pengine uinjilisti. Kijana aliyesomea uhasibu huketi kimya. Tunamkumbuka siku ya kuhesabu sadaka, au hesabu za mtaa zinapogoma kulingana kabla ya Sinodi. Katika somo hili twataka kuzungumza na kijana huyo, maana zipo kazi zinazomhitaji ambazo hazijulikani sana kwetu. Ni kazi za kuwekeza na kukopesha fedha kwa kutazama faida, na kuwatazama pia watu ambao faida hiyo imepita mikononi mwao.

Kwanza tukumbushane maana ya hisa. Mtu akinunua hisa za kampuni amekuwa mmoja wa wenye mali. Hata sehemu yake ikiwa ndogo kama punje ya mtama, anayo haki ya kuingia katika mkutano mkuu wa mwaka, kuuliza swali na kupiga kura. Wengi hungoja gawio tu. Makanisa nayo yalingoja gawio kwa miaka mingi, huku fedha za pensheni za makasisi wao zikizunguka katika migodi, viwanda na mabenki yasiyojulikana hata kwa majina.

Mwaka 1971 Kanisa la Episkopali la Marekani, ndugu zetu katika Ushirika wa Anglikana, lilikuwa na hisa katika General Motors, kampuni kubwa ya magari. Kampuni hiyo ilikuwa na kiwanda Afrika Kusini, na ubaguzi wa rangi ulikuwa umepamba moto. Basi Kanisa, likiongozwa na Askofu wake Mkuu John Hines, likapeleka hoja katika mkutano mkuu wa Mei kwamba kampuni iondoke nchini humo. Hoja ilianguka vibaya; kura za kuiunga mkono hazikufika hata asilimia 3.

Lakini siku ile alisimama mmoja wa wakurugenzi wenyewe, Leon Sullivan, mchungaji wa Kibatisti kutoka Philadelphia, mtu mweusi wa kwanza kuingia katika bodi ile. Alisema hadharani kinyume cha wenzake wote. Mwaka 1977 alitoa kanuni kwa makampuni ya Marekani yaliyokuwa Afrika Kusini: wafanyakazi wa rangi zote wale katika ukumbi mmoja, kazi sawa ilipwe mshahara sawa, watu weusi wafundishwe na kupandishwa vyeo. Baada ya miaka kumi, mwaka 1987, yeye mwenyewe alitangaza kwamba kanuni hizo hazikutosha kuuvunja ubaguzi, akayataka makampuni yaondoke kabisa. General Motors ilikuwa imekwisha kutangaza kuondoka mwaka uliotangulia.

Tunalipenda jambo hili la Sullivan. Alijaribu dawa, akapima, akaona haiponyi, akasema hivyo. Kwa maoni yetu hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya mtu wa kazi hizi, na inapita shahada.

Makanisa ya Marekani yalijifunza jambo jingine. Kwenda kwenye mkutano mkuu na uchungu moyoni hakutoshi, kwa sababu wakurugenzi huja na vitabu vya hesabu na wanasheria. Kwa hiyo tangu miaka ile yalianza kuungana na kuweka watu wa kusoma taarifa za makampuni ukurasa kwa ukurasa na kuandaa maswali ambayo hayawezi kujibiwa kwa maneno matamu. Hapo ndipo kazi hizi zilipoanza kuwa kazi za mshahara, zenye dawati na kiti.

Hebu tutazame mfano wa karibu zaidi. Tarehe 25 Januari 2019, saa ya chakula cha mchana, bwawa la tope la mgodi wa chuma lilipasuka huko Brumadinho, Brazil. Bwawa la namna hii huhifadhi maji na udongo uliosagwa baada ya madini kutolewa. Lile lilikuwa limejengwa kwa njia ya bei nafuu: kila lilipojaa, ukingo mpya uliinuliwa juu ya tope lenyewe. Chini yake, bondeni, palikuwa na ofisi na bwalo la chakula la wafanyakazi. Watu 270 walikufa. Na miezi michache kabla ya siku hiyo wakaguzi walioajiriwa na kampuni walikuwa wametoa hati kwamba bwawa ni imara!

Bodi ya Pensheni ya Kanisa la Uingereza, inayotunza fedha za uzeeni za makasisi, ilishirikiana na Baraza la Maadili la mifuko ya pensheni ya Uswidi. Waligundua kwamba duniani hapakuwa na daftari moja lenye kuonyesha mabwawa haya yako wapi. Mwaka ule ule wakayaandikia makampuni ya madini kama 700. Maswali yalikuwa ya kawaida kabisa: Bwawa liko wapi? Lilijengwa lini, na kwa njia gani? Nani alilikagua mara ya mwisho, na je, alikuwa mtu wa nje? Likipasuka litamfikia nani? Majibu yalitakiwa kutangazwa wazi, tena yawe na sahihi ya mkuu wa kampuni au mwenyekiti wa bodi, si ya karani. Mengi yalijibu, mengine yalinyamaza. Januari 2020 majibu yaliwekwa pamoja mahali ambapo mtu ye yote aweza kuyasoma, na Agosti mwaka huo zikatolewa kanuni za dunia nzima za kutunza mabwawa hayo.

Msomaji asidhani haya ni mambo ya mbali. Tarehe 7 Novemba 2022 bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, mkoani Shinyanga, lilipasuka. Twamshukuru Mungu kwamba hapakuwa na taarifa ya kifo, lakini tope lilifunika nyumba na mashamba ya watu. Mgodi ule ulikuwa mali ya Serikali pamoja na kampuni ambayo hisa zake zilikuwa zikiuzwa katika soko la London. Kwa hiyo mwenye hisa fulani Ulaya, labda mjane au mzee aliyestaafu, alikuwa na sehemu katika ukingo ule pasipo kujua.

Nani basi hufanya kazi hii? Yuko mhasibu anayejua kusoma mizania na kuona kilichofichwa. Yuko mhandisi wa migodi, maana kasisi hawezi kubishana na mtu juu ya ukingo wa bwawa. Yuko mwanasheria wa kuandika hoja. Tena yuko mtu anayejua lugha ya kijijini, anayeweza kukaa na wazee chini ya mwembe na kusikia yale ambayo taarifa ya kampuni haikuandika. Huyu wa mwisho ndiye anayepatikana kwa shida, na vijana wetu wanayo sifa hiyo tangu kuzaliwa.

Upande wa mikopo nao una kazi zake. Wazo lake lilizungumzwa katika mkutano wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni huko Uppsala mwaka 1968, na mwaka 1975 ukaanzishwa ushirika nchini Uholanzi, ambao leo unaitwa Oikocredit. Makanisa na watu binafsi huweka akiba zao humo, nazo hukopeshwa vyama vya ushirika na vya mikopo midogo katika nchi maskini. Wenye kulima kahawa wataelewa mara moja. Mkulima akileta kahawa yake chamani anataka fedha leo, kwa kuwa ada ya shule haingoji. Lakini chama kitalipwa na mnunuzi baada ya miezi. Pasipo mkopo wa kati, mkulima humwuzia mlanguzi anayepita na mzani wake mwenyewe, na habari za mizani ya namna hiyo tunazijua tangu Amosi sura ya 8. Afisa wa mikopo hutembelea chama, hukagua ghala na vitabu, hutazama kama wanachama kweli huchagua viongozi wao, kisha hushauri: wapewe au wasipewe. Kusema hapana kwa chama cha watu maskini kwa sababu mweka hazina si mwaminifu ni kazi ngumu, tena ni ya upendo.

Kijana ajiandae namna gani? Uhasibu wenye cheti cha bodi ya taifa ni mlango mzuri. Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichoanza kama chuo cha ushirika mwaka 1963, hufundisha mambo haya, na Kenya wanacho chao Nairobi. Hata hivyo tungependa aanze karibu: akae katika kamati ya mikopo ya chama cha kuweka na kukopa, mahali ambapo mwombaji ni shangazi yake na mdhamini ni jirani.

Tahadhari moja hatuwezi kuiacha. Makampuni mengi siku hizi yana afisa wa mambo ya jamii. Wengine hufanya kazi njema. Lakini wako ambao kazi yao ni kupigwa picha na madawati ya shule na hundi ya karatasi yenye ukubwa wa mlango, huku vibarua wa kampuni hiyo hiyo hawana mkataba. Kijana akiitwa kwa kazi ya namna hii aulize kwanza: Nikiona bwawa lina ufa, nitamwambia nani, na je, mtu huyo aweza kusimamisha kazi siku hiyo hiyo? Akijibiwa kwa kicheko, afadhali aendelee kutafuta.

Kwa mazungumzo katika Umoja wa Akina Mama na vikundi vya vijana: Someni Mathayo 25:14-30. Je, bwana yule angesema nini kama faida ya talanta tano ingepatikana kwa kuwadhulumu vibarua? Fedha za mtaa wetu zimewekwa benki gani, nayo humkopesha nani? Na katika Baraza la Parokia, ni nani tuliyempa kazi ya kuuliza hilo?