Mamba Ajua Kungoja

Kwa kuwa mamba huishi majini, wako wadhaniao ya kuwa ni jamaa ya samaki. Sivyo. Samaki hupumua kwa matamvua, bali mamba ana mapafu, naye hana budi kuinua pua yake juu ya maji ili avute pumzi. Ngozi yake ina magamba magumu; hutaga mayai nchi kavu, wala hanyonyeshi. Tena mwili wake haujitii joto, bali hulipata kwa jua. Kwa sababu hizo wataalamu humhesabu katika jamii ya watambaao, pamoja na nyoka, kenge, mijusi na kobe.

Umbo lake lafaa sana kwa uwindaji. Macho, masikio na matundu ya pua yako juu ya kichwa. Hivyo huweza kujificha majini mwili mzima, huku akiona, akisikia na kupumua. Kooni ana kizibo cha nyama kizuiacho maji, hata akikamata windo chini ya maji hapaliwi.

Meno yake ni ya kushika, si ya kutafuna. Hujibiringisha majini mpaka kipande cha nyama kikatike, kisha hukimeza. Tumbo lake lina misuli yenye nguvu, mfano wa firigisi ya kuku, na mara nyingi humo huonekana mawe aliyoyameza. Maji makali ya tumbo huyeyusha hata mifupa. Lakini kazi hiyo yahitaji joto. Kwa hiyo mamba aliyeshiba hupenda kujianika juani.

Je, haya yamhusu nini mchota maji wa Mto Tana, au mchungaji wa Ziwa Turkana? Yamhusu sana. Ng'ombe na mtu hutumia sehemu kubwa ya chakula chao kuupasha mwili joto. Mamba hana gharama hiyo, na aliye mkubwa huweza kukaa miezi bila kula. Basi hana haraka. Hungoja palepale ambapo watu na mifugo hushukia majini kila siku.

Kwa hiyo ukimya wa maji si dalili ya usalama. Yafaa watu wabadili mahali pa kuchotea, wasiende mtoni magharibi wala usiku, watumie kata yenye mpini mrefu, na wajenge ua wa miti imara majini, watoto wachote ndani yake. Mamba ana subira. Mwenye ndoo naye awe na hadhari.