Mkaguzi wa Hesabu na Nyumba Inayojengwa

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niwaandikieni habari za kazi yangu, nami nimekubali kwa furaha, kwani hesabu za biashara nilianza kujifunza katika madarasa haya haya mnayokaa ninyi leo. Kazi yangu ni kukagua hesabu za makampuni ya ujenzi. Watu wengi hudhani ya kuwa mkaguzi ni mtu wa kujumlisha tarakimu tu. Sivyo. Nitawaelezeni mambo matatu: madai, malipo, na taarifa ya hesabu.

KWANZA, MADAI. Mwenye duka huuza sukari na kupokea fedha papo hapo. Mjenzi hawezi kufanya hivyo, maana nyumba huchukua miezi, pengine miaka. Kwa hiyo yeye hudai kidogo kidogo kwa kadiri kazi inavyoendelea. Kila mwezi kazi hupimwa, kisha cheti cha malipo hutolewa. Cheti hicho huhesabu kazi yote tangu siku ya kwanza, wala si ya mwezi ule peke yake. Tena mwenye nyumba huzuia sehemu ya fedha, kwa mfano 10 kwa mia, iwe dhamana kama kasoro zitaonekana baadaye.

Tazama mfano huu. Kazi yote iliyofanyika hata leo ni ya shilingi 40,000,000. Toa 10 kwa mia, yaani 4,000,000; zabaki 36,000,000. Kwa vyeti vya nyuma zimekwisha lipwa 27,000,000. Basi cheti hiki chastahili 9,000,000 tu. Karani akisahau kutoa malipo ya nyuma atalipa 36,000,000, yaani mara nne ya haki! Ndiyo sababu mkaguzi hatazami cheti kimoja. Huvipanga vyote, cha kwanza hata cha mwisho, na kuvilinganisha na taarifa ya benki.

PILI, MALIPO. Hapa sina budi kuwasimulieni kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa hesabu za kampuni moja iliyokuwa ikijenga mahali mbali na mji. Kila mwezi nililetewa ankara za saruji, stakabadhi, na orodha ya vibarua. Niliketi kitini, nikajumlisha, nikaona yote yalingana. Mwezi wa kwanza niliandika "sahihi", na wa pili vile vile. Mwezi wa tatu mzee wangu wa kazi aliniuliza, "Je, jengo lenyewe umeliona?" Nikajibu, "La, Mzee, ila makaratasi yote yapo." Akasema, "Basi umekagua makaratasi. Kazi hujaikagua."

Kesho yake tulikwenda. Tulipima sakafu kwa futi kamba: urefu mita 20, upana mita 8, unene sentimita 10, yaani mita 16 za ujazo. Zege la namna ile hula mifuko 6 hivi kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo sakafu yote isingemaliza hata mifuko 100. Daftari la stoo lilisema mifuko 240 imekwisha tumika pale. Kisha tukahesabu vibarua. Orodha ilikuwa na majina 42. Watu tuliowaona ni 26. Mzee akaichukua orodha na kuzitazama alama za vidole gumba kwa kioo cha kukuzia. Alama 16 zilikuwa na kovu moja, mahali pamoja. Zote zilitoka katika kidole cha karani aliyelipa mishahara.

Karani huyo ndiye aliyeagiza saruji, ndiye aliyeipokea, ndiye aliyeandika majina, na ndiye aliyegawa fedha. Shikeni neno hili: anayeagiza asiwe mpokeaji, na anayeandika majina asiwe mlipaji.

Lakini si hayo yaliyoniuma zaidi. Kampuni ililifunga sanduku la fedha ili uchunguzi ufanywe, na wale vibarua 26 wa kweli walikaa wiki tatu bila ujira. Mmoja wao, mtu wa umri wa baba yangu, aliniuliza, "Mwanangu, sisi tumekosa nini?" Sikuwa na jibu. Kama ningalikwenda kuona jengo mwezi wa kwanza, wizi ungalikuwa mdogo, na uchunguzi ungalikwisha kwa siku moja.

TATU, TAARIFA YA HESABU. Tuseme bei ya jengo ni shilingi 200,000,000, na gharama zake zakisiwa kuwa 160,000,000. Zikiisha tumika 80,000,000, nusu ya kazi imekwisha, na kampuni yaweza kuandika nusu ya faida, yaani 20,000,000. Lakini mambo yakiharibika, na gharama zote sasa zaonekana zitafika 220,000,000, faida hakuna tena. Hasara yote ya 20,000,000 yapasa kuandikwa mara moja, bila kungoja jengo liishe. Meneja asiye mwaminifu huyaacha makisio ya zamani yakae vile vile, na faida ya uongo huendelea kuonekana.

Jambo kama hili lilionekana Uingereza. Kampuni kubwa ya ujenzi iitwayo Carillion, yenye wafanyakazi wapatao 43,000, ilionyesha faida katika hesabu zake za mwaka 2016. Mwezi wa Julai 2017 ilikiri kwamba thamani ya kandarasi zake yapasa kupunguzwa kwa pauni milioni 845. Tarehe 15 Januari 2018 ilianguka, ikiwa na madeni ya karibu pauni bilioni 7, na benki pauni milioni 29 tu. Wakandarasi wadogo, ambao baadhi yao walikuwa wamezoea kungoja siku 120 ndipo walipwe, walipoteza jasho lao. Wakaguzi wake, KPMG, walikuwa wamezikagua hesabu zake tangu mwaka 1999. Mwaka 2023 walitozwa faini ya pauni milioni 21, kwa kuwa hawakuyahoji vya kutosha maneno ya wakuu wa kampuni.

Waonaje, msomaji? Kosa lao na langu ni la ukoo mmoja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nami naongeza: na daftari lisilolinganishwa na kazi yenyewe hupoteza mali vile vile.

ZOEZI. Bei ya jengo ni shilingi 50,000,000. Gharama zilikisiwa 40,000,000, na 30,000,000 zimekwisha tumika. Mhandisi asema kazi iliyobaki yahitaji 24,000,000. Meneja ataka kuandika faida ya 7,500,000. (a) Ameipataje? (b) Wewe ungeandika nini? (c) Kabla ya kutia sahihi, ungekwenda kuona nini?