Mvumo wa Umeme na Istilahi za Uhakiki: Muziki wa KMRU Mintarafu ya Nairobi

Makala haya yanachunguza iwapo istilahi za fasihi simulizi zinafaa kuhakikia muziki wa kisasa unaotungwa kwa mitambo ya elektroniki na kuongozwa na sayansi. Mfano wa kwanza ni Natur, kazi aliyoitoa Joseph Kamaru, maarufu kama KMRU, mwaka wa 2024. Msanii huyu wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri aliyeitwa pia Joseph Kamaru, alihamia Berlin, na kazi hiyo inatokana na tofauti aliyoisikia baina ya miji hiyo miwili.

Msingi wake ni fizikia. Mwaka wa 1831 Michael Faraday alidhihirisha kwamba uga wa sumaku unaobadilika huzalisha umeme katika koili ya waya. Koili hiyo ikisogezwa karibu na simu au nyaya za umeme, kisha ikaunganishwa na spika, uga usiosikika kwa sikio tupu hugeuka sauti. Transfoma huvuma hata bila koili. Umeme wa Kenya una mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma cha transfoma hutanuka na kusinyaa mara mbili katika kila mzunguko. Hivyo ile iliyotundikwa mlingotini Kawangware au Kilimani hutetema mara 100 kwa sekunde, karibu na noti ya G ya chini. Anayeelekea katikati ya jiji kwa Barabara ya Ngong hupita chini ya mvumo huo asiutambue, kwa wingi wa honi za matatu.

Hapa ndipo lugha inapodaiwa. Mhakiki mvivu atasema "kelele", amalize. Ilhali Kiswahili hutofautisha mlio, mvumo, ngurumo, mrindimo, kishindo na mwangwi. Neno "sauti" lenyewe hubeba koo la mtu na mlio wa kitu kwa pamoja. Darasani mwa fizikia huenda hilo likawa kero. Kwa mhakiki wa muziki huu ni neema, kwani halimlazimishi kuamua mapema kama anayesikika ni kiumbe au mtambo.

Utata huzidi pale ambapo watendaji wachache hutumia mitambo papo kwa papo mbele ya hadhira. Katika Mikrophonie I ya Karlheinz Stockhausen (1964), watendaji 6 huushughulikia upatu mmoja mkubwa: wawili huugonga na kuukwaruza, wawili husogeza maikrofoni, wawili huendesha vichujio vya sauti. Fanani ni nani? Kumtaja anayegusa upatu hakutoshi, maana mwenye maikrofoni ndiye huamua hadhira isikie nini. Afadhali kurejelea ngoma, ambamo kiongozi hutanguliza na waitikiaji hupokea. Kompyuta inayonasa sauti ya ala, kuikata vipande vya milisekunde na kuirudisha ikiwa imegeuzwa ni mwitikiaji wa aina yake. Ila haichoki, wala haichelewi kupokea, na kuchelewa huko pengine ndiko hunogesha ngoma.

Nyokabi Kariũki, mtunzi mwingine wa Kenya, anaisogeza hoja karibu zaidi na sarufi. Albamu yake FEELING BODY (2023), iliyotokana na maradhi ya muda mrefu baada ya UVIKO-19, ina kipande kiitwacho "Nazama". Umbo hilo laweza kuwa ufupisho wa "ninazama", au likawa na kiambishi -a- cha wakati usiodhihirika. Kwa usomaji wa kwanza, mwili unazama sasa hivi. Kwa wa pili, kuzama ni hali isiyo na mwanzo unaotajwa wala kikomo. Tafsiri ya Kiingereza humshurutisha msikilizaji kuchagua. Muziki wenyewe haumshurutishi.