Babu wa babu yangu alinunua mtu

SWALI: Baba alipofariki mwaka jana tulifungua kasha lake la hati. Nyingi ni za shamba la mikarafuu, zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, akatusomea ustadhi wa hapa mtaani. Hati moja, ya Shaabani 1312, inasema babu wa babu yangu amemnunua mwanamke. Ametajwa kwa jina moja tu, kisha “Mnyasa”, kisha bei yake kwa riale.

Nilikuwa nakusanya shajara ya ukoo ili tuichapishe kitabu kidogo. Shangazi yangu anasema hati ile nisiiguse: ndivyo dunia ilivyokuwa, na marehemu hasemwi. Binti yangu aliye chuo kikuu Dar es Salaam anasema jina la mzee tulifute kabisa, na hataki tena kuitwa kwa ukoo huo. Mimi nimezoea kumwombea dua mzee yule kila Ijumaa, sasa naona haya. Je, nina haki ya kumhukumu mtu wa zama zile kwa macho ya leo?
Mjukuu, Wete

JIBU: Dada yangu,

Nianze na dua, kwa kuwa naona ndiyo iliyokuuma zaidi. Endelea kumwombea. Kama mzee alidhulumu, basi anazihitaji dua zako kuliko ulivyodhani ulipokuwa hujui. Kumwombea hakukulazimishi kumtetea.

Shangazi yako simpuuzi. Kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, ya Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na wenye mashamba huko kwenu wakataka watu wa kuchuma, kuchambua na kuanika. Kazi hiyo wakati ule ilifanywa na watu walionunuliwa. Mzee wako alizaliwa akaukuta utumwa, na waliomzunguka walimhesabu mtu wa heshima. Hilo ni kweli na lazima lisemwe.

Lakini itazame tarehe ya hati yako. Shaabani 1312 ni mwanzoni mwa 1895. Mwaka 1873 sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, alikubali kuzuia watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Tarehe 1 Agosti 1890 sultani Sayyid Ali bin Said akapiga marufuku kununua na kuuza watumwa katika milki yake. Mzee wako alinunua mtu zaidi ya miaka minne baada ya amri hiyo, na ni vigumu kuamini kwamba mwenye shamba hakuwa ameisikia. Kwa hiyo tukimtazama kwa sheria, hatuhitaji hata sheria ya leo. Ya sultani wake inatosha.

Najua jibu la wazee: amri zile zilitoka kwa shinikizo la Waingereza, na wengi waliona zinaingilia jambo ambalo sharia imeliruhusu. Ndivyo walivyoona, sikatai. Ila dini hiyohiyo imefanya kumwacha mtumwa huru kuwa thawabu kubwa, na kafara ya makosa kadhaa. Visiwani walikuwepo mabwana walioacha watumwa wao huru kwa wasia, wengine wakawawekea wakfu nyumba au kipande cha shamba. Mzee hakukosa mfano mwingine karibu yake.

Hata hivyo, haya ya sheria kwangu si makubwa. Lililo kubwa ni kwamba katika hati ile wamo watu watatu: aliyeuza, aliyenunua, na yule mama. Wote watatu ni watu wa zama zile. Tunaposema “kwa maoni ya wakati ule”, kwa nini huwa tunawauliza wawili tu? Yeye hakuhitaji kuelezwa na mtu wa karne hii kwamba kutenganishwa na wazazi wake na kutiwa chomboni ni dhuluma. Watumwa walitoroka wakiwa hawajaona kitabu hata kimoja cha haki za binadamu. Huko bara ya Mombasa na Malindi watoro walijenga mji wao, Fuladoyo, wakalima na kujilinda mpaka uliposhambuliwa na kuvunjwa. Hayo nayo yalikuwa maoni ya wakati ule, yameandikwa kwa miguu ya watu.

Utaambiwa utumwa wa kwetu ulikuwa mwepesi, kwamba watumwa wa shamba walipewa Alhamisi na Ijumaa walime vijishamba vyao. Desturi hiyo ilikuwapo. Lakini sikiliza ni nani anayeisimulia. Sarah Mirza na Margaret Strobel walikusanya katika kitabu masimulizi ya maisha ya wanawake watatu wa Mombasa. Mmoja, Bi Kaje wa Mwenye Matano, ni wa nyumba ya waungwana iliyokuwa na watumwa. Mwingine, Mishi wa Abdala, ni wa uzao wa watumwa. Wasome wote wawili, na mpe binti yako naye asome. Ni mji mmoja, ila aliyekaa kitini na aliyekaa chini hawakuuona sawasawa.

Binti yako ana uchungu wa haki, nami nampenda kwa uchungu huo. Lakini mwambie asifute. Yule mama tunamjua kwa karatasi hiyo tu. Akifutwa aliyemnunua, naye anapotea. Kisha mkae nyote wawili muitazame shajara yenu upande wa kina mama. Nimeonyeshwa shajara nyingi za visiwani ambazo kina baba wanapanda vizazi saba hata minane, mpaka Oman au Shirazi, lakini kina mama wakifika kizazi cha nne wanabaki na jina moja, hawana baba wala kabila. Mara nyingi huyo alikuwa suria. Kwa sharia mtoto aliyemzaa na bwana alikuwa huru na alirithi kama ndugu zake. Mama hakuweza tena kuuzwa, na bwana akifa yeye huwa huru. Amri ya 1897 iliyoondoa utumwa Unguja na Pemba haikuwaacha huru masuria. Walingoja mpaka 1909. Sisemi ndivyo ilivyo kwenu. Nasema inawezekana binti yako anataka kujitenga na mnunuzi, kumbe ni mjukuu wa wote wawili.

Tafuta zaidi kabla ya kuchapa. Amri ya 1897 ilimtaka mtumwa aende mahakamani kudai uhuru wake, na ikamlipa fidia bwana, si yeye. Aliyepata uhuru bila makao wala riziki ya kujulikana aliweza kuhesabiwa mzururaji. Waingereza nao, kwa hofu ya kupoteza mapato ya karafuu, hawakuwa na haraka. Basi nenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, uulize kumbukumbu za mahakama na za mirathi za Pemba za miaka hiyo. Huenda ukamwona mama yule anadai uhuru. Huenda ukamwona mzee anamwacha huru mwenyewe, au anadai fidia. Lolote utakalolikuta liandike kama lilivyo. Chukua nakala, hati yenyewe ibaki nyumbani.

Jambo moja nakuomba sana. Ya babu yako una haki ya kuyasema. Ya nyumba nyingine huna. Kama kuna jamaa huko shambani mnaojua au mnaodhani wametokana na watu wa mzee, usiwataje kitabuni bila ridhaa yao. Neno mtumwa bado linatumika kutukania watu, hata mbele ya posa. Nenda kwao kwanza, bila kamera wala daftari, uwaeleze ulichokikuta, na wao waamue kama wanataka kuingia katika habari hii.

Kitabuni, chini ya jina la mzee, weka maneno machache tu: kwamba alikuwa na shamba la mikarafuu, kwamba Shaabani 1312 alimnunua mwanamke, na jina lake ulitaje kamili kama hati ilivyolitaja, pamoja na Mnyasa, na kwamba ununuzi ulikuwa umeshapigwa marufuku. Usiongeze laana, usiongeze udhuru. Wala usisome ukurasa huo kwenye hitima ya baba yako. Siku hiyo iache iwe yake.

Shangazi msomee kabla ya kwenda kwa mchapaji, mkiwa wawili tu. Wazee wanaosema tusifukue mara nyingi wanajua kilichofukiwa. Muulize kama aliwahi kulisikia jina la yule mama utotoni, na kama anajua kaburi lake liko upande gani wa shamba.