Mafuta Mazito: Kazi ya Mvuke na Kichocheo

Mafuta ghafi yaliyogunduliwa nchini Uganda mwaka 2006, katika bonde la Ziwa Albert, huganda yakiachwa katika halijoto ya kawaida. Ndiyo sababu bomba la kilometa 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, lilisanifiwa liwe na mfumo wa kuyapasha moto njia nzima. Mwanafunzi makini ataka kujua: kwa nini mafuta hayo yasivunjwe kwanza huko huko kisimani, yakatiririka yenyewe? Swali hili latulazimu kutenganisha mambo mawili ambayo macho huyaona kuwa kitu kimoja: mafuta yenye nta na mafuta mazito.

Ugumu wa aina mbili

Mwalimu aliyeko Buhare, Musoma, aweza kuonyesha tofauti hiyo kwa kipande cha mshumaa na kipande cha lami isiyo na kokoto. Kila kimoja kiwekwe katika kopo lake, na makopo yawekwe ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Mshumaa utayeyuka na kumiminika kwa urahisi. Lami italainika tu, ikabaki yenye kunata.

Molekuli za nta ni minyororo iliyonyooka, mathalani C₂₅H₅₂. Zikipoa hupangana na kufanya fuwele. Zikipashwa moto huachana. Hakuna kifungo cha kikemia kinachovunjika, na hilo ni badiliko la kifizikia. Tena nta ina haidrojeni tele: atomu zaidi ya 2 kwa kila atomu ya kaboni. Lami ina kama 1.5 tu. Molekuli zake ni kubwa, zenye pete nyingi zilizoshikamana, pamoja na salfa, nikeli na vanadi. Upungufu huo wa haidrojeni hauponywi kwa kupasha moto peke yake.

Uzito wa mafuta hupimwa kwa digrii za API. Ikiwa d ni uzito wa mafuta ukigawanywa kwa uzito wa maji ya ujazo ule ule, basi:

Digrii za API = (141.5 ÷ d) − 131.5

Maji yana digrii 10. Mafuta yaliyo chini ya digrii 22 hivi huitwa mazito.

Mvuke na kichocheo

Njia za kuyaboresha mafuta mazito ni mbili: kuondoa kaboni au kuongeza haidrojeni. Yakipashwa moto kupita digrii 400 za Sentigredi, molekuli huvunjika, lakini sehemu ya kaboni hugeuka makaa magumu, na mali hupotea. Kuongeza haidrojeni kwaokoa mali hiyo, ila haidrojeni ni ghali.

Hapa ndipo mvuke unapofaa. Kwanza, hubeba joto hadi ndani ya mafuta. Pili, hutenganisha vipande vilivyovunjika visishikamane tena na kuwa makaa. Tatu, maji yenyewe yana haidrojeni. Mvuke ukikutana na kaboni monoksidi itokanayo na mmenyuko, hutoa haidrojeni:

CO + H₂O → CO₂ + H₂

Hata katika digrii 200 hadi 300, mvuke huweza kuvunja baadhi ya vifungo baina ya kaboni na salfa, kwa kuwa ni dhaifu kuliko vifungo vya kaboni na kaboni. Lakini kazi hiyo huenda polepole. Kichocheo, kama vile misombo ya chuma, nikeli au molibdeni, huupa mmenyuko njia nyingine inayohitaji nishati ndogo zaidi. Chenyewe hakitumiki katika mmenyuko. Hata hivyo, makaa na vanadi hukifunika, na hapo hupoteza nguvu.

Funzo la Mombasa

Kiwanda cha kusafishia mafuta cha Changamwe, Mombasa, kilianza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mwaka 2013. Kiliweza kukeneka mafuta na kuboresha petroli, lakini hakikuwa na mtambo wa kuvunja molekuli nzito. Hivyo sehemu kubwa ya kila pipa ilitoka ikiwa mafuta ya tanuri, ambayo bei yake ni ndogo, nacho kikashindwa kushindana na mafuta yaliyosafishwa ng'ambo. Kukeneka ni kutenganisha tu vilivyomo. Anayetaka petroli na dizeli zaidi sharti abadili molekuli zenyewe.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Mafuta ya Uganda huganda kwa sababu ya nta, na nta ni malighafi nzuri. Kuyavunja kisimani kungedai kiwanda kizima kwa tatizo ambalo joto laweza kulitatua. Kwa lami, joto pekee halitoshi. Mtaalamu hutambua kwanza ugonjwa, ndipo achague dawa. Akikosea, taifa hulipa gharama.

Maswali

1. Mafuta yana d = 0.934. Tafuta digrii zake za API. Je, ni mazito?
2. C₁₆H₃₄ → C₈H₁₈ + C₈H₁₆. Ni kipande kipi kilichopungukiwa na haidrojeni, na mvuke pamoja na kichocheo vyaweza kukisaidiaje?
3. Eleza kwa nini mshumaa hauhitaji kichocheo ili umiminike.