Zanzibar kutoka Katandala

SWALI: Mimi na mume wangu tunaishi Katandala, Sumbawanga. Yeye ni bodaboda, mimi ni fundi cherehani. Tunatamani kuiona Zanzibar, lakini akiba huliwa kila dharura inapotokea. Tufanyeje?

JIBU: Dada, pesa ya dharura na ya safari zisilale pamoja. Ya dharura ikae kwenye simu, ipatikane hata usiku mtoto akiugua. Ya safari ipelekeni kikundi cha akiba cha VICOBA, kwenye sanduku la kufuli tatu na watunza funguo watatu. Humo hakuna anayechomoa noti peke yake. Ulizeni kwanza mgao huangukia lini. Vikundi vingi hugawana Desemba, na Januari sare na madaftari huumeza wote. Tafuteni kikundi kinachovunja mzunguko katikati ya mwaka.

Zanzibar ni mbali: basi hadi Mbeya, tena hadi Dar es Salaam, kisha boti. Mwaka huu nendeni kwanza Maporomoko ya Kalambo, mpakani na Zambia, kwa njia ya Matai. Maji yanaanguka zaidi ya mita 200, na wageni huvuka bahari kuyaona. Kwa nini nyinyi wa jirani mkose? Mkifika mapema, pitilizeni hadi Kasanga mkaone Ziwa Tanganyika.