Maji ya Nyumbani na Jasho la Mchotaji

Soma kwanza: 2 Samweli 23:13-17



Daudi alikuwa ngomeni, na Wafilisti walikuwa wamekwisha kuushika mji wa Bethlehemu. Akatamani maji ya kisima cha kwao, kilichokuwa karibu na lango la mji. Mashujaa watatu wakapenya katikati ya adui, wakayateka, wakamletea. Lakini Daudi hakuyanywa. Aliyamimina mbele za Bwana.

Msomaji wa haraka atasema kwamba Daudi aliyapoteza maji. Sivyo. Daudi aliona ndani ya maji yale uhai wa watu watatu, akaogopa kuyanywa kama maji tu. Basi, somo letu ni hili: thamani ya maji hupimwa pia kwa jasho la aliyeyaleta.

Hapa kwetu Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili, na kwa kawaida hupatikana milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka. Miezi inayobaki, katika vijiji vingi maji huja kichwani mwa mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mama au binti. Tufanye hesabu. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Nyumba ikitumia madumu sita kwa siku, na kisima kiko umbali wa kilomita moja, safari hizo sita ni kilomita 12 kwenda na kurudi. Kwa hiyo anayeokoa dumu moja amempunguzia mchotaji kilomita mbili.

Sisi tuliofundisha shule tunalo la kuungama. Tuliwahi kuwaadhibu wasichana kwa kuchelewa namba, bila kuuliza walikotoka. Baadaye tulifahamu kwamba wengine walikuwa kisimani tangu alfajiri. Walikuwa wamekwisha kufanya kazi ya mtu mzima kabla kengele haijalia, nasi tukawaita wavivu.

1. Maji yafanye kazi zaidi ya moja

Maji ya kuoshea mchele na mboga yamwagiliwe mchicha. Maji ya kusuuzia nguo za leo yawekwe, yafulie nguo zilizochafuka zaidi, kisha yasafishe sakafu au choo. Maji ya kuogea yenye sabuni yamwagwe shinani mwa mpapai au mti wa kivuli, yasimwagwe juu ya majani ya mboga. Vyombo vioshwe katika beseni moja na kusuuzwa katika la pili. Maharagwe yalowekwe usiku kucha, nayo yataiva upesi, kwa maji machache na kuni chache. Bustani imwagiliwe jioni au asubuhi na mapema, na udongo ufunikwe kwa nyasi kavu ili jua lisiyanyonye maji.

2. Tusibane mahali pasipobanwa

Kuokoa maji si kuacha kunawa. Ugonjwa wa macho uitwao trakoma, au vikope, huenea kwa mikono, kwa nguo na kwa nzi wanaotua kwenye nyuso chafu za watoto. Usipotibiwa, baada ya kuambukizwa mara nyingi huzikunja kope kuelekea ndani, nazo hukwaruza jicho hadi kupofuka. Wilaya yetu ya Kongwa inajua habari hizi vizuri, maana huko watafiti walianza kazi ya kupambana na ugonjwa huu katika miaka ya 1980. Wazazi wengi walidhani kumnawisha mtoto uso kunahitaji maji mengi. Kumbe kikombe kimoja chatosha, mradi maji yamiminwe kidogo kidogo. Vivyo hivyo kwa mikono: kibuyu chirizi kilichotundikwa karibu na choo, na kipande cha sabuni pembeni, hunawisha watu wengi kwa maji machache.

3. Wenye bomba nao

Anayefungua bomba mjini asidhani maji yake hayana mchotaji. Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma imetoka kwa miaka mingi katika visima vya Mzakwe, bonde la Makutupora, na bonde hilo hujazwa hasa na miaka michache ya mvua kubwa, kama ile ya 1997 na 1998. Bomba lako likivuja, weka kikombe cha robo lita chini yake. Kikijaa kwa nusu saa, zinapotea lita 12 kwa siku. Mpira mdogo wa kuzibia bomba ni nafuu kuliko hasara hiyo.

4. Mvua ya juu ya bati

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba huleta lita moja. Nyumba ya bati yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6 ina mita za mraba 48. Mvua moja ya milimita 10 huiletea lita 480, yaani madumu 24! Kinachohitajika ni mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na pipa au tangi. Mvua ya kwanza iachwe ioshe paa. Tangi lifunikwe vizuri, mbu wasizalie humo, na maji ya kunywa yachemshwe.

Sasa tulitazame kanisa letu. Jengo la mita 20 kwa 10, katika mvua hiyo hiyo moja, lingetupatia madumu 100. Mwaka hata mwaka maji hayo huanguka chini na kuchimba msingi, na kesho yake mabinti zetu hulipita kanisa wakienda kisimani. Wazee wa kanisa, tulizungumze jambo hili kabla ya Desemba.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani huchota maji nyumbani kwako, naye huamka saa ngapi?
2. Ni maji gani mliyoyamwaga jana ambayo yangeweza kufanya kazi tena?
3. Akina baba na vijana wa kiume watachukua safari ngapi kwa juma?

Sala: Ee Bwana, uliyeketi kisimani umechoka, ukaomba maji kwa mwanamke, utufundishe kumwona anayetuletea maji, na kumpunguzia mzigo wake. Amina.